Kimeng'enya Kisichotoka kwa Nguruwe

Kongosho la mama yangu liliharibika nikiwa bado chuoni. Tangu hapo mafuta aliyokula yalipita tumboni bila kusagwa. Alikonda mpaka gauni la kanisani likamning'inia, na kwenye shamba letu la chai pale Manga akawa anachuma kidogo, anaketi.

Daktari mmoja wa Kisii alimwandikia vidonge vya vimeng'enya, vitu vya kuvunja chakula badala ya kongosho. Mama akauliza vimetoka wapi. Daktari alikuwa mkweli: vinatolewa kwa nguruwe. Sisi ni Wasabato, hatuli nguruwe. Mama aliirudisha chupa mezani polepole.

Ilibidi mchungaji aje nyumbani kumweleza kwamba dawa si chakula. Akaanza kumeza, na mwili ukarudi. Lakini kila alipomeza alifumba macho, na jambo hilo liliniuma.

Nilipopata kazi ya utafiti katika maabara mjini Kisii, niliomba nishughulikie kimeng'enya cha binadamu kinachosaga mafuta. Kueleza ni rahisi: unachukua jeni ya binadamu yenye maelekezo ya kukitengeneza, unaitia ndani ya kijidudu, nacho kinakutengenezea. Kufanya ndiko kugumu. Bakteria walinitolea madonge yasiyofaa kitu, mwezi baada ya mwezi, hadi msimamizi wangu akaanza kunishauri nitafute mada nyingine. Nikamwomba kwanza nijaribu kwa hamira, ambayo nayo ni kijidudu.

Tulidondosha maji ya hamira iliyotiwa ile jeni kwenye sahani ya jeli iliyochanganywa na mafuta, nyeupe kama maziwa. Asubuhi nikafungua kabati la joto. Palipodondoshewa pamekuwa angavu, duara safi kabisa. Mafuta yamevunjwa. Kando yake, tone la hamira ya kawaida halikuwa limefanya lolote. Msimamizi aliipeleka sahani dirishani, akaigeuza, akanipa mkono. Nililia.

Nilimpigia mama. Alifika siku hiyohiyo, katikati ya wiki, amevaa nguo zake za Sabato. Nikamvika koti jeupe, nikamwonyesha.

“Hakuna nguruwe hapa?” aliuliza kwa Kigusii.

“Hakuna. Ni cha binadamu, kimetengenezwa na hamira.”

“Basi nipe nimeze.”

“Bado si dawa, mama. Hiki ni cha utafiti tu. Huenda kazi ikachukua miaka, na huenda wakaimaliza watu wengine.”

“Waimalize,” alisema. “Mimi nimeshaona.”

Nilimpa sahani mpya na kidondoshi, nikamshika kiwiko. Akadondosha tone lake mwenyewe, kwa utaratibu wa mtu anayepanda mche. Kesho yake alirudi kuliangalia. Duara lake lilikuwa pana kuliko langu. Alicheka mpaka wafanyakazi wa chumba cha pili wakaja kuchungulia, naye akawaonyesha mmoja mmoja, akiishikilia ile sahani juu kwenye mwanga.

“Hii,” akawaambia, “ni yangu.”