Unyayo Katika Nyumba Isiyo na Paa

Siku yangu ya kwanza kazini, Meneja wa tawi la benki yetu la Kilindoni alinikabidhi futi ya chuma, kalamu na daftari la ukaguzi. Nilikuwa na cheti cha darasa la saba na viatu vya kuazima.

"Haji, wewe utakuwa macho yetu," aliniambia. "Andika ulichokiona. Usichokiona, hata kama unakijua, acha."

Kazi yangu ilikuwa kukagua dhamana, yaani nyumba au shamba ambalo mkopaji huliweka mbele ya benki ili aaminiwe. Nilipima kuta, nikahesabu minazi, nikawauliza majirani mipaka. Vijana wa leo hupiga picha kwa simu wakaondoka. Sisi tulikaa, tukanywa maji ya nyumba ile, kwa sababu nyumba hujieleza taratibu.

Nilihamishiwa Utete, kisha Kibiti, nikarudishwa kisiwani, Kilindoni, chini ya meneja wa tatu, mama mmoja mkali tuliyemwita Mama Meneja. Ndipo alipokuja Bi Mwanaidi, mkulima wa korosho wa Kirongwe. Alitaka mkopo wa nyumba. Kuta zilikuwa zimesimama, paa hakuna, na masika yalikuwa hayako mbali.

Kilichomkwamisha ni historia ya mikopo, ile kumbukumbu ambayo kila benki huichungulia kabla ya kukopesha. Yake ilikuwa chafu. Aliwahi kutia sahihi pamoja na mumewe, Shomari, kwenye mkopo wa mashine ya boti. Shomari akaenda dago, kambi ya wavuvi ya msimu. Boti ikaonekana inaelea, chakula chake bado kimefunikwa. Mwili haukupatikana, na marejesho yakakoma.

Mama Meneja alimweleza vizuri. "Bima hulipa deni la marehemu. Miaka inayotakiwa kisheria imetimia, mahakama itatamka kwamba amefariki. Kinachotakiwa ni kiapo chako."

"Siwezi kuapa."

"Kwa nini, dada yangu?"

"Kwa sababu bado anakuja."

Hakuna aliyecheka. Nikatumwa nikakague.

Nilifika saa saba mchana, jua kali. Bi Mwanaidi alitoka kwenye kibanda cha makuti alimokuwa akiishi, kando ya zile kuta, akaniamkia, akanifuata ndani. Nilipima sebule. Kwenye kizingiti cha chumba cha kulala nikauona: unyayo mmoja wa maji juu ya saruji kavu, wa mguu wa kushoto, vidole vikielekea ndani. Nikatazama juu. Mbingu tupu. Nikainama, nikaugusa, nikaonja ncha ya kidole. Chumvi.

"Pita pembeni, baba," alisema nyuma yangu, kwa sauti ya mtu anayemwelekeza mgeni msalani. "Usimkanyage."

"Huondoka saa ngapi?"

"Sijaona unyayo wa kutoka."

Niliandika nilichokiona. Mama Meneja alisoma mara mbili.

"Mzee Haji, makao makuu watauliza kama paa linavuja."

"Nyumba haina paa, mama."

Akaukata mstari ule kwa wino mwekundu.

Nilirudi Kirongwe kwa hiari yangu, nikamwambia Bi Mwanaidi, "Mwanangu, masika yakizikuta kuta hizi ziko wazi, utazikosa. Apa. Ni karatasi tu."

Hilo ndilo kosa kubwa la kazi yangu, na halimo katika faili lolote.

Aliapa. Akakaa eda, miezi minne na siku kumi, kama mjane yeyote. Bima ikalipa, jina likasafishwa, mkopo ukatoka. Nilikwenda kukagua kazi ilipokwisha. Bati jipya, milango ya mninga, sakafu kavu kila chumba. Mwenyewe nilimkuta bado kibandani, anabangua korosho.

"Hujahamia?"

"Nihamie nikamsubiri nani, baba? Tangu siku niliyoapa, haji."

Niliandika kwamba ujenzi umekamilika. Ilikuwa kweli.

Sasa nimestaafu. Mke wangu, Zainabu, amefariki mwaka huu. Kila mchana, nikirudi kutoka msikitini, naikuta kata ya kuchotea maji mtungini imelowa, nami niliiacha kavu, mlango nimeufunga. Sisemi ni nini. Nasema nilichokiona.

Jina lake bado limo kwenye akaunti yetu ya pamoja. Wiki iliyopita nilipeleka cheti chake cha kifo kwenye tawi lile lile. Binti aliyekuwa dirishani alinisalimu kwa adabu.

"Shikamoo babu. Nipe hicho cheti, tulitoe jina la bibi."

Nilikishika, sikukitoa. Akadhani naogopa kupoteza fedha. Akanitabasamia.

"Usiwe na wasiwasi, babu. Ni karatasi tu."

"Marahaba, mwanangu," nilimwitikia. Nikakikunja, nikarudi nacho nyumbani.