Spika za Sebule Yetu ya Ntalikwa

Juzi, katika duka moja hapa Tabora, kijana anayeuza spika aliniuliza, "Chumba chako kina ukubwa gani, dada?" Swali hilohilo, rafiki yangu, lilimkasirisha baba nilipokuwa na miaka tisa, na nyumba yetu ya Ntalikwa ikakosa amani wiki nzima.

Baba alitaka spika za kuunganisha na redio kaseti yetu, tena zile kubwa zilizonifika kifuani. Mwenye duka, mzee wa Kihindi, alimuuliza ukubwa wa chumba, akamshauri achukue ndogo. Kweli sebule yetu ilitosha viti vinne na kabati la vyombo tu. Baba akaona amedharauliwa. Akachukua kubwa.

Jioni ile mama aliacha kumenya viazi vya kukausha michembe, akaweka kaseti ya bibi, mama yake, aliyekuwa amefariki karibuni kule Puge. Hatukuwa na sauti yake nyingine. Tulichosikia ni ngurumo. Vikombe vilitetemeka kabatini, na maneno ya bibi yakamezwa na besi. Mama akazima redio, akarudi jikoni. Tangu hapo yeye na baba wakawa wanasalimiana tu. Baba alizisukuma spika huku na kule, lakini kila alipoziweka ziligusa ukuta.

Jumamosi alikodi mkokoteni, nikaandamana naye hadi dukani.

"Hizi ni mbovu," baba alisema.

Mzee hakubishana. Aliniinamia. "Wewe ulisikia nini, binti?"

Baba akanikazia macho. Nikisema ni nzima, nimemuumbua baba mbele ya wateja. Nikisema ni mbovu, tutapewa nyingine kubwa vilevile, na bibi hatutamsikia.

"Zinalia vizuri," nikasema. "Ila bibi hasikiki. Chumba chetu ni kidogo."

Baba akamgeukia mzee, akasema kwa sauti ya chini, "Hatua tatu kwa nne." Mzee akatubadilishia, akatupa ndogo za kuweka juu ya stuli, akasisitiza tuziweke mbali na ukuta.

Nyumbani mama aliwasha kaseti. "Mwangaluka," bibi akasalimia, akisikika kama yumo mle ndani.

"Mwangaluka, mayu," mama akamwitikia mama yake, akalia. Baba akavuta kiti, akakaa karibu naye.

Sasa duka lile la mzee linauza makava ya simu. Kaseti ilisagika zamani, na Kinyamwezi cha taratibu cha bibi sijakisikia tena kwa mtu mwingine. Baba naye ametutoka. Siku ile, tulipotoka dukani, nilingoja anigombeze njia nzima. Badala yake alinishika mkono, akaufumbata mpaka tukafika nyumbani.