Msichana Aliyekosa Maswali Yote

Walisema sitaweza. Walisema kilabuni wakinywa mbege, wakasema nje ya kanisa baada ya ibada, na mmoja aliniambia usoni: "Wewe ulifeli darasa hili hili. Leo unatuletea nini?"

Ni kweli nilifeli. Nilimaliza la saba katika shule hii ya Machame bila kuchaguliwa, nikashuka Moshi, nikapanga chumba Majengo, nikajifunza ushonaji kwa fundi mmoja mzee wa Kiislamu aliyeniruhusu kufungua kitabu kando ya cherehani. Nikafanya mitihani ya sekondari kama mtahiniwa wa kujitegemea, nikaenda chuo, nikapata stashahada ya ualimu. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Niliporudi kufundisha darasa lile lile, nilijua jambo ambalo walimu wenzangu hawakulijua: namna mtoto anavyokaa kwenye dawati akiwa ameshakata tamaa. Sioni haya kusema kwamba hilo lilinifanya kuwa bora kuliko wao.

Shule yetu ilikuwa ya mwisho kwenye kata, mwaka baada ya mwaka. Nikatangaza kambi: darasa la saba wote watalala shuleni wiki nne kabla ya mtihani wa taifa. Wazazi wakakataa kuchanga chakula. "Basi nikopesheni mimi," nikasema mkutanoni. "Matokeo yakitoka nitarudisha, tufaulu tusifaulu."

"Atalipa kwa chaki," mama mmoja akasema, na mkutano wote ukacheka.

Hata hivyo walikopesha. Huyu debe la mahindi, yule kuni. Bibi mmoja, ambaye hakucheka mkutanoni, alileta debe la maharage, akalitua miguuni pangu. Aliishi na mjukuu wake tu, na ng'ombe mmoja wa maziwa. Mjukuu huyo ndiye aliyeshuka tambarare kila siku kukata majani na kuyapandisha kichwani. Alikuwa pia mwanafunzi mwenye akili kuliko wote niliowahi kufundisha.

Wiki ya kwanza ya kambi tukafanya mtihani wa majaribio wa kata. Matokeo yaliporudi niliyasoma mstarini kwa sauti, kutoka wa kwanza hadi wa mwisho, kama ilivyo desturi. Wa mwisho alikuwa yeye. Hesabu, sifuri. Watoto, ambao hucheka kila kitu, hawakucheka. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye mlingoti wa bendera, na nilisikia sauti yangu ikirudi kama ya mtu mwingine.

Mchana nilikaa na karatasi yake. Maswali arobaini ya kuchagua, kila moja majibu matano. Mtoto asiyejua lolote, akifumba macho na kuweka kivuli popote, atapata saba au nane kwa bahati. Kukosa yote kunahitaji kuyajua yote. Nikamwita ofisini.

"Swali la tatu, jibu ni lipi?"

"C, mwalimu."

"Wewe uliweka nini?"

"A."

"Kwa nini?"

Alitazama miguu yake. "Bibi amesema nikichaguliwa, yeye na ng'ombe watakufa njaa."

"Na mtihani wenyewe?"

"Hivyo hivyo, mwalimu. Nimemwahidi."

Nilimpelekea mwalimu mkuu habari hii nikidhani atashtuka. Aliendelea kupanga madaftari. "Mwalimu, una stashahada, lakini u mgeni bado. Ulidhani shule hii imekuwa ya mwisho miaka yote kwa ujinga?"

Tangu hapo sikuweza kulitazama darasa langu kama zamani. Nilipita kati ya madawati nikijiuliza ni nyuso ngapi zilikuwa zimeahidi.

Kwetu, aliyekosa huchukua jani la isale, lile linaloota mipakani na makaburini, akampelekea aliyemkosea kuomba radhi. Isale halikataliwi. Anayelikataa, watu huogopa hata kuomba moto kwake. Mimi nilikuwa na kosa la kweli: nilimwaibisha mtoto wa watu mbele ya shule. Lakini nilipolikata jani lile kwenye ua wa kihamba chetu, shamba la migomba la nyumbani, nilikuwa na nia nyingine.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Umeshika nini hapo, mwanangu?"

"Nimekuja kuomba radhi. Nilimwaibisha mjukuu wako."

"Nimesikia." Akanyoosha mkono. Kabla haujafika, nikaongeza:

"Na umwondolee ahadi aliyokupa. Ajibu anachokijua."

Mkono ukasimama hewani. Bandani ng'ombe alikuwa akitafuna vigogo vya mgomba, maana majani hayakuwa na wa kuyakata.

"Isale ni la kuomba," akasema. "Wewe umelifanya kamba."

"Utalikataa, bibi?"

"Unajua halikataliwi. Ndiyo maana umelileta." Akalichukua kwa vidole viwili. "Atajibu. Lakini usiende kumwambia mtu kwamba nimekusamehe."

Habari ilinitangulia njiani. Siku ya mtihani, wasimamizi wakiwa wametoka shule nyingine na sisi walimu wa pale tukiwa tumezuiwa kusogea, nilikaa kwenye ukingo wa mfereji nje ya uzio. Mzee mmoja jirani akasimama. "Ni wewe uliyempelekea yule bibi isale la nguvu?"

"Ni mimi, baba."

"Haya," akasema, akaenda zake bila kuaga. Wiki zilizofuata wengi waliniaga hivyo.

Matokeo yakatoka. Shule ilitoka mkiani, ikapanda hadi katikati ya orodha ya kata, na msichana yule akaongoza na kuchaguliwa shule ya bweni. Nilifanya walichosema siwezi.

Nikalipa. Nilikuwa nimekodi jaruba la mpunga Mabogini, kule tambarare, na mavuno yalikuwa mazuri, hivyo aliyenikopesha mahindi au maharage nilimrudishia mchele, debe kwa debe. Nilikodi bajaji ya mizigo nikapita nyumba kwa nyumba. Wakanikalisha, wakanipa mtori, mama wa chaki akanipa ndizi mkungu mzima. "Mwalimu, mwakani kopa tena!"

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya bibi. Alitoa debe lake mwenyewe, akapima, akasawazisha juu kwa kiganja, punje zilizozidi akazirudisha kwenye gunia langu. Banda lilikuwa wazi, limefagiliwa.

"Ng'ombe yuko wapi, bibi?"

"Nimemuuza. Nani angemkatia majani?"

Nilisubiri aseme karibu ukae. Kwetu mgeni hatoki mdomo mkavu, hata kama ni maji. Aliinua debe, akaingia nalo ndani, na nikasikia komeo. Nikakunja magunia yangu matupu, nikaondoka, nikiwa sidaiwi na mtu yeyote.