Walisema Nimevunjika Leo

Ndoa yangu ilikuwa na miezi minane, nilikuwa bado naona haya kula mbele ya mama mkwe, pale mkokoteni wa pamba uliponipanda mguu. Tulikuwa tunatoka shambani karibu na Ushirombo, miaka ile baada ya kuhamishiwa vijiji vya ujamaa. Ng'ombe walishtuka, nikateleza, gurudumu likapita juu ya muundi. Mfupa ukachungulia nje ya ngozi, mweupe kama muhogo uliomenywa.

Mume wangu alikuwa Geita akichimba dhahabu, na nyumbani mwenye kauli alikuwa mama yake. Mimi nilitaka hospitali ya misheni, yeye akaita mganga wa mifupa. Nisimsingizie mzee yule: mifupa iliyovunjikia ndani aliiunga, na watu wakatembea. Lakini wangu ulikuwa nje. Akaurudisha, akanifunga kwa magome na vijiti, kisha akavunja mguu wa kuku na kuufunga vilevile. Kuku akitembea, akasema, na mimi nitatembea. Siku mbili nililala pale nikimtazama kuku yule anavyochechemea, nikimchukia kwa moyo wote.

Homa ilipopanda, mama mkwe akaogopa. Ila aliwaogopa masista pia, maana waliotoka kwa mganga walikaripiwa mbele ya foleni nzima. Akaniosha dawa zote kwa maji ya chumvi mpaka kidonda kikaonekana kipya, akakifunga kwa kitambaa safi, na shemeji zangu wakanibeba juu ya kitanda cha kamba mpaka hospitali ya misheni.

"Amevunjika lini?" daktari aliuliza.

"Leo asubuhi, dokta," akajibu mama mkwe.

Daktari akanigeukia mimi. Kumkanusha mama mkwe mbele ya watu, tena mbele ya mwanamume, kwetu ni sawa na kumvua nguo. Nikaitikia, "Ndiyo, leo."

"Basi mmewahi," akasema. "Nitasafisha na kushona. Ingekuwa juzi nisingethubutu, ningekiacha kidonda wazi kwanza uchafu utoke."

Nilimwelewa neno kwa neno. Mama mkwe alikuwa na Kiswahili cha kununulia chumvi tu, yeye alitabasamu na kushukuru. Mimi ndiye niliyejua, na nikanyamaza. Hasira ya jambo hilo ninayo mpaka leo, na nusu yake ni yangu mwenyewe.

Wakanishona, wakanifunga plasta mpaka pajani. Siku ya pili mguu ukaanza kupwita humo ndani, siku ya tatu ukanuka. Sikuweza kugeuka wala kujikuna. Mama mkwe alilala sakafuni chini ya kitanda changu, alinisaidia haja zangu, alinisuka nywele. Kila wema wake ulinibana kuliko plasta, kwani ningewezaje kumwaibisha mtu wa namna hiyo? Kila asubuhi nilijiambia nitasema, na kila asubuhi yeye alikuwa wa kwanza kumwamkia daktari.

Siku ya nne alitoka kutafuta kuni. Daktari alipopita nikamshika koti, nikalia, nikamwambia yote: mganga, zile siku mbili, maji ya chumvi. Hakunikaripia. Aliipasua plasta palepale, nyuzi zikaachia, usaha ukamwagika.

"Ungesema siku ile ya kwanza, ningeuokoa," akasema.

Jioni hiyo waliukata chini ya goti.

Nilipozinduka vizuri, mama mkwe alikuwa kando yangu na bakuli la uji. Muuguzi wa Kisukuma alikuwa ameshamweleza kila kitu kwa lugha yetu. Macho yake yalikuwa yamevimba.

"Mwanangu," akasema, "mbona hukusema siku ile?"

"Ningesema mbele yako, mayu, mama yangu?"

Akachota uji, akaupuliza, akaniletea kijiko mdomoni, nami nikala.