Mti wa Wateja

Kwa miaka thelathini fundi redio yule alikuwa na dawa moja kwa kila mteja: "Njoo kesho." Hakuwa mwongo, jamani. Aliamini kabisa kwamba kesho angetengeneza. Basi alipozeeka na kufunga kibanda, vifaa vya watu vilihamia sebuleni kwake, kila kimoja na kikaratasi chake cha jina na tarehe, pacha wa kile alichopewa mteja.

Hapo ndipo wazimu ulipompanda. Alisimamisha gogo kavu lenye matawi katikati ya sebule, akalijaza redio, pasi, feni na simu, kisha akapandisha mmea hai utambae kwenye nyaya.

"Mama watoto, misitu itakuwa hivi miaka mia ijayo," alimwambia mkewe. "Miti itajipepea yenyewe na kututangazia habari."

"Na mimi nitapita wapi kwenda jikoni?" Mkewe alikuwa amechoka, na haki yake. "Jumamosi mti huu uwe umetoka. Usipotoka huo, nitatoka mimi."

Fundi akapima mlango kwa macho. Mti haungepita hapo, na nyumba bila mkewe ingekuwa stoo tu. Akawaandikia watu wa maonyesho ya sanaa: wakiupenda, wabomoe dirisha wauchukue. Jaji wao akaahidi kuja Jumamosi asubuhi.

Lakini aliyetangulia kufika Jumamosi hiyo alikuwa kinyozi, amefuata mashine yake ya kunyolea. Aliambiwa "Njoo kesho" miaka tisa iliyopita. Mashine sasa ilikuwa imegeuzwa kunguru, imetua kwenye tawi la tatu la mti.

"Ukimgusa huyo, redio zote zinazima," Fundi alimsihi. "Keti kidogo, ndugu yangu."

Kinyozi akaketi. Akaja mwalimu mstaafu na karatasi ya redio, akaja mshona viatu na ya pasi, mpaka wakatimia saba kwenye benchi, kama wako zahanati.

Jaji alipoingia aliuzunguka mti mara mbili, kisha akawakodolea macho wateja. "Na hawa?"

"Wanasubiri," alisema Fundi, jasho likimtoka.

"Tangu lini?"

"Mimi tangu nilipokuwa na nywele," alisema mwalimu.

Jaji akavua miwani, akajifuta machozi. "Nauchukua. Na wao pia, wakae hivyohivyo."

Fundi nusura aruke kwa furaha. Ndipo mkewe alipotoka chumbani, begi begani, akaketi mwisho wa benchi.

"Na mimi ni mteja," alisema, akatoa kwenye pochi kikaratasi kilichochakaa. Mwandiko ulikuwa wa Fundi mwenyewe: *Cherehani. Mke wangu. Kesho.* Tarehe ilikuwa ya wiki ile waliyooana.

Cherehani ndiyo iliyokuwa mzizi, chini kabisa, imebeba mti mzima.

Mdomo wa Fundi ulifunguka kusema lile neno lake, ukakwama hapo. Aibu ilimjaa, na mapenzi pia. Akachukua bisibisi, akapiga magoti, akaanza kufungua skrubu.

"Unafanya nini? Utauangusha!" jaji akapiga kelele.

"Natengeneza cherehani," alisema Fundi bila kugeuka. "Wewe njoo kesho."