Mamba Wasio na Alama

Wifi yangu tulimwita Mama Mamba, wala hakukasirika. Kazi yake ilikuwa kujua idadi ya mamba wa bwawa tulikochota maji. Kwa macho huwezi. Mamba akitulia majini, ni gogo tu. Kwa hiyo aliwatega, akawakata gamba moja la mkia, akawaachia wachanganyike na wenzao. Kisha anatega tena.

"Nikikuta wengi wenye alama," alinieleza huku akimenya viazi, "basi wamo wachache. Nikikuta wageni watupu, tumekwisha."

Mamba alikuwa amemchukua mfua nguo mmoja, ufuo ukafungwa. Siku ya kutega mara ya pili tulijaa juu ya ukingo na ndoo zetu, tukingoja aseme kama tuchote. Mabomba yalikuwa makavu. Meneja wa bwawa alishatuambia mamba wenyewe ni wa kuhesabu kwa vidole.

Mtego wa kwanza: mkia mzima, haukukatwa kitu. Wa pili, vilevile. Kaka yangu, mumewe, ndiye aliyeshika kamba. Nilimwona akifuta jasho la viganja kwenye suruali. Hata wale waliokuwa wakinong'ona kwamba wifi anaringia mijusi wakasogea kutazama.

Hadi unafika mtego wa mwisho, alikuwa amepata mmoja tu mwenye alama. Humo alilala dume mnene kama pipa. Wifi akainama kupapasa mkia. Kamba ikateleza.

"Toka!" kaka akapiga ukelele.

Mkia ukamchapa wifi mkononi. Mfupa ulivyolia, nilisikia kule juu. Akaanguka matopeni, akatambaa kinyumenyume, dume akampita ubavuni na kuzama. Nilidhani atalia.

"Hana alama!" akapaza sauti. "Ondokeni hapo! Nyote!"

"Sasa tuchote wapi, wifi?" nikauliza.

"Popote, si hapa. Humu wamo mamia."

Meneja akabisha kwamba labda wenye alama wamejificha.

"Basi shuka ukaoge," kaka akamwambia.

Hakushuka.

Ufuo ukazungushiwa uzio, maji yakaletwa kwa lori. Kwenye foleni matusi yote yalimwangukia wifi. Jirani mmoja alimnyima salamu mpaka mvua zikaanza. Mkono ulipona, ukapinda. Bwawani bado anakwenda. Kaka ndiye amegoma, kamba sasa anaishika mtu mwingine, na jioni huyo kaka hatulii kitini mpaka mkewe abishe hodi.