Batamaji wa Akina Swinbeck

Wilfred Swinbeck alistaafu kazi ya kusoma mita za maji akiwa na goti bovu na jina adimu. Goti alimwachia daktari. Jina akalishughulikia mwenyewe. Akina Swinbeck wako bonde la Askerdale, Yorkshire, na hawako kwingine, isipokuwa mmoja Australia, ambaye babu wa babu yake alipelekwa huko kwa gharama ya serikali kwa sababu ya kondoo asiyekuwa wake. Wilfred alimwita "tawi letu la ng'ambo."

"Beck" kila mtu bondeni anajua: ni kijito. "Swin" Wilfred aliamua ni "swan," yaani batamaji, ndege wa wafalme. Akamchora mweupe kwenye ngao ya mbao, kisha akawaita ndugu wote ukumbi wa kanisa wachague mwenyekiti wa ukoo. Cheo hicho alikitaka mpaka usingizi ukampaa.

Watu wakiwa katikati ya mikate ya hemu, akaifunua ngao. Mama yake mdogo Edith, mfugaji wa upande wa chini wa kijito, aliitazama huku akitafuna.

"Wilf, hicho nini?"

"Batamaji, mama mdogo. Asili yetu."

"Batamaji gani aliwahi kukanyaga kile kijito? Swin ni "swine," nguruwe, mwanangu. Mababu walikuwa wakiwaogesha pale. Hata sasa unaye mdomoni."

Ukumbi ukaangua kicheko. Wilfred akaona cheo kinamponyoka.

Ndipo Clifford, binamu yake wa upande wa juu, akajipangusa midomo. "Kwa kweli nguruwe walikuwa wetu sisi wa juu. Nyie wa chini mlipata yale maji baada ya kuogeshwa."

Kicheko kilikatika.

"Wenu?" akasema Edith. "Nyie mlikuwa mnachunga wa watu, Cliff. Tena kwa kulala nao zizini."

Basi watu waliokuwa wakiona haya kutajiwa nguruwe wakaanza kuwagombania kama mashamba ya urithi. Wilfred akameza hemu, akasimama. Baba yake alikuwa Swinbeck wa juu, mama yake Swinbeck wa chini, maana bondeni kumpata mchumba asiye Swinbeck ni kazi.

"Jamani," alisema, "mimi nina nguruwe pande zote mbili."

Hakupata mpinzani.

Jumapili iliyofuata ngao ilitundikwa ukumbini. Shingo ilikuwa imefupishwa, pua imepanuliwa, mkia umesokotwa. Miguu tu ndiyo iliyobaki ya bata. Rangi ilimwishia mwenyekiti.